Moshi wa Lori la Zahor

Siku ile kwenye baraza yetu Hamriya, Muscat, alikuwepo baba yangu Harub, ambaye wenzake humwita Mudiri kwa sababu alipostaafu wizarani hakustaafu kuamrisha. Saeed Redio, ambaye hakuna habari isiyompitia. Msellem, aliyezaliwa Burundi na kwa hivyo mtaani hana jina ila Bujumbura. Na Zahor, mwenye lori la maji, aliyefika mwisho. Mimi nilikuwa ndani ya mlango, binti yangu Hadeel amelala mapajani, dalla, birika la kahawa, iko pembeni yangu. Mwaka wa elfu mbili na mbili, baada ya Alasiri. Lori la Zahor ni kubwa kwangu kwa umri. Ndilo lililokuwa likitujazia matangi ya mtaa mzima maji matamu, na ndilo lililokuwa likimlisha yeye. Tangu nilipojifungua, akifika juu ya kichochoro chetu alikuwa akizima mashine, akaliachia lishuke polepole ili mtoto asiamke. Mwaka ule karatasi yake ya barabarani, mulkia, ilikuwa imekwisha, na hapewi mpya mpaka lori lipite fahas, ule ukaguzi wa kila mwaka. Mara ya kwanza lilirudishwa kwa moshi mweusi. Asubuhi ile ilikuwa mara ya pili, na alishaambiwa hakuna ya tatu. Tulimuona anarudi kwa miguu.

— Lori liko wapi? aliuliza baba.

— Limekufa palepale, juu ya shimo la ukaguzi. Wamelivuta kando ili wengine wapite.

— Limekufa vipi? Jana si lilikuwa zima?

— Zima, Mudiri. Jana mchana fundi kasafisha nozeli, katia filta mpya, kaliwasha. Kashika kitambaa cheupe mbele ya ekzosi, nikakanyaga mafuta, kitambaa kikabaki cheupe. Kanambia, mzee, kesho unapita umelala.

— Na leo?

— Leo limetoa moshi, wallahi, mkaguzi kawaita wenzake waje kutazama.

Saeed Redio akajiweka sawa.

— Mashine yao hiyo ya kupimia moshi. Zile zimetengenezwa nchi za baridi. Ukizileta kwenye joto la Muscat zinahesabu vumbi kuwa moshi.

— Moshi nimeuona kwa macho yangu, Saeed.

— Na macho nayo yanapata joto, yakhe.

— Mimi naona lori limeona haya, alisema Bujumbura. Miaka yote linafanya kazi kwa heshima yake, leo unalitia bomba nyuma mbele za watu. Hata mimi nikienda hospitali, daktari akinipima tu presha inapanda. Nikitoka nje, inashuka.

— Hapana, akasema baba. Hili ni jicho. Mtaa mzima uliona kile kitambaa cheupe.

— Nani wa kulionea kijicho lori la mwaka sabini na tatu? aliuliza Redio.

— Wapo. Wapo watu wanamuonea mwenzao hata kikohozi.

Nikapitisha vikombe mlangoni. Zahor alipokea chake akakishika tu. Bujumbura akamsogezea sahani ya tende, pole pole, bila ya kumtazama, kama mtu anayeondoa kitu njiani.

— Nimempigia fundi, kanifuata kulekule, alisema Zahor. Kafungua tangi la dizeli, katia pua. Kaniuliza, mzee, humu ulikuwa ukipika nini?

— Kupika?

— Ndivyo alivyosema. Linanukia karafuu.

Baba alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

— Basi hiyo karafuu ni mimi, akasema. Jana, ulipoingia kusali Magharibi. Kichupa kimoja tu, Zahor. Mafuta ya karafuu yanatuliza jino, yanafungua kifua. Nikasema na lori nalo maradhi yake ni kifua.

— Subhanallah, Harub! alidakia Redio. Mafuta ya karafuu ndani ya mashine? Mtu mzima weye! Si ungeniuliza kwanza? Mimi nilishatia ya simsim tokea Alasiri.

Wakamgeukia wote.

— Simsim haina neno! Inalainisha. Bwana mmoja kasema redioni.

— Redio gani?

— Nimeisahau.

Zahor alitikisa kichwa. Alikuwa hana hasira. Afadhali angekuwa nayo.

— Hayo yote fundi kasema tungeyamwaga, tukaosha tangi, tukaomba turudi kesho. Kilichouwa lori ni maji. Mna maji ndani ya dizeli, yameingia mpaka kwenye pampu, pampu imevunjika ndani. Na pampu ya lori lile haitengenezwi tena popote. Khalas.

— Maji yatoke wapi? aliuliza baba. Mvua yenyewe hatujaiona tokea mwaka jana.

— Labda tangi la nyuma limevuja, alisema Redio.

— Tangi la nyuma na la dizeli wapi na wapi? akasema baba.

— Basi jasho. Joto hili, hata chuma kinatoka jasho.

— Jasho la kujaza pampu?

— Bujumbura, mbona umenyamaza? Hebu sema weye, alisema Redio.

Bujumbura alikuwa akiisugua kokwa ya tende kwa kidole.

— Ni zamzam, akasema.

— Nini?

— Ile chupa ya maji ya Makka niliyorudi nayo Umra. Leo asubuhi, kabla hajaondoka. Nimesoma Fatiha, nikamimina yote.

Chupa ile sote tunaijua. Alikuwa ameiweka juu ya kabati, ameifunga kitambaa cha kijani, na hata alipolazwa kwa moyo hakukubali ifunguliwe. Bujumbura hana mke wala mtoto. Alikuwa akituambia, yeyote kati yenu atakayekuwa karibu siku yangu ya mwisho, anitie tone mdomoni.

— Lakini ile si uliiweka kwa... alianza baba.

— Ndiyo. Nikaona mimi bado natembea, lori ndilo linalokufa.

Zahor aliweka kikombe chini. Nikamkumbatia mtoto wangu, nikiogopa atakachosema Zahor.

— Sikiliza, Msellem, akasema. Alimwita jina lake. Pampu ile ilikuwa ya kufa tu. Ingekufa wiki hii au ijayo. Si maji.

— Umesema sasa hivi ni maji.

— Nimesema vibaya. Nimetembea juani.

Bujumbura akajifuta uso kwa ncha ya kilemba chake. Hakuna aliyembishia Zahor, na wote walikuwa wamesikia.

— Kesho tutakwenda sote kwa mkaguzi, tukamueleze, alisema baba, lakini sauti ya kuamrisha haikuwemo.

— Tumueleze nini, Mudiri? aliuliza Redio. Kwamba tunampenda mwenzetu?

Hapo akatokea Nasriya, binti wa Zahor, ndiye aliyebaki naye nyumbani tangu mama yake alipofariki. Alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka skuli anakosomesha, mkoba bado begani, hajui lolote. Akasimama pembeni kwa adabu.

— Masalkheri ami zangu. Baba, kumbe uko huku. Kesho unatoka saa ngapi, nikutilie chai kwenye thamosi?

Zahor alimtazama baba yangu. Baba akamtazama Redio. Bujumbura akawa anatafuta viatu vyake, navyo viko miguuni.

— Saa ngapi, baba? Au mapema kama leo?

Lori liliuzwa kama vyuma chakavu mwezi uleule. Zahor alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika jengo moja la maofisi, Khuwair ya Kusini, na saa za Alasiri, wenzake wanapokunywa kahawa, yeye huwa amelala.