Bosi Kesho, Mwenye Dobi la Kona

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1955, mtoto wa pili wa seremala na mkunga, katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya baba yake. Mwenyewe alipenda kueleza kwamba alizaliwa bila usimamizi, kwa sababu siku hiyo mkunga alikuwa na shughuli zake.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na soko, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza mwaka 1973. Walimu walikubaliana kwamba ana akili na ana mdomo. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti: “Huyu angesikia, angefika mbali.” Baba yake aliisoma ripoti hiyo kwa sauti kubwa. Marehemu hakusikia.

Aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, chini ya msimamizi asiyeambilika. Alimchukia kwa moyo wote. Mwaka 1989 alifungua dobi lake mwenyewe pale kona, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwa msimamizi yule. Alibandika ukutani karatasi: “Maswali baada ya kazi.” Kazi haikuwa na baada.

Mwaka 1992 ililetwa suti ya sufu ya bwana harusi, Ijumaa, harusi ikiwa kesho yake. Marehemu aliamuru iingie maji ya moto. Ilipotoka ilimtosha mdogo wake bwana harusi, wa darasa la tano. Akawaita wafanyakazi wote.

“Nani alijua haitaki maji ya moto?”

Mikono yote ikainuka, hata wa mlinzi.

“Na mkanyamaza?”

“Bosi, si ulisema hutaki maneno?” alijibu mpiga pasi, mama ambaye yupo nasi hapa.

Kuanzia hapo kila Alhamisi, baada ya chai, walikaa wote juu ya vikapu vya nguo. Kila mmoja alitaja kosa moja la kazi na kosa moja la bosi. Bosi aliruhusiwa kusema maneno mawili tu: “Nitajibu kesho.” Alijijua, jibu lake la papo hapo lilikuwa ugomvi. Ndipo akapata jina la Bosi Kesho. Alhamisi ya kwanza walisifia chai. Ya pili, mpiga pasi alijitoa mhanga: “Bosi, huo mluzi wako. Wimbo mmoja tangu mwaka juzi, na wenyewe huujui.” Alikwenda kulala na lawama hiyo, akarudi asubuhi, akauacha mluzi.

Hapo ndipo zilipotoka taratibu za dobi: lebo ya nguo isomwe na watu wawili, anayeona kosa azime mashine bila kuomba ruhusa, kosa lijadiliwe, mtu asitukanwe. Wateja walilalamika kwamba siku hizi wanasubiri. Hawakulalamika tena kwamba wamerudishiwa suruali ya jirani.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mwalimu wa shule ya msingi, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Nyumbani hakukuwa na Alhamisi. Mkewe anasimulia kwamba alimwomba mara moja, naye akamjibu, “Mama watoto, kule mimi ni bosi. Hapa mimi ni baba.” Basi watoto walilelewa vizuri katika kunyamaza. Mwaka 2012 binti aliajiriwa kaunta ya dobi. Kazini alimwita Bosi, jioni wakitoka getini akamwita Baba.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusahau. Nyumbani tuliona sote. Tulisema ni uchovu, tukasema ni umri, kisha tukabadilisha mazungumzo. Kazini aliwasha boila haina maji, mpiga pasi akiwa kando yake. Mlinzi aliiwahi, akaizima. Alhamisi hiyo binti aliweka kikombe chini.

“Bosi, makosa ya mwezi huu ni yako. Boila ingelipuka, tungezika mtu. Naomba usiguse mashine tena.”

“Nitajibu kesho.”

Kesho yake hakukumbuka kwamba kuna swali.

Alhamisi iliyofuata binti alimwambia upya, na uso wa baba yake ukabadilika upya. Na Alhamisi nyingine vilevile. Mama yake alimsihi, “Mwanangu, muache. Utamuua kwa maneno.”

“Mama, nikinyamaza ataua mtu.”

Mwishowe mpiga pasi alipendekeza utaratibu ubadilike: bosi ajibu siku hiyo hiyo. Wakapiga kura. Marehemu naye akainua mkono.

“Mmeniambia mara ngapi?” aliuliza.

“Nyingi, Bosi.”

“Basi mmechelewa. Mngezima siku ya kwanza.”

Alivua aproni, akamfunga bintiye kiunoni mwenyewe. Kuanzia siku hiyo alikuwa mkunja taulo, na alikunja vizuri.

Mwezi uliopita alilazwa kwa nimonia. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, mkewe akiwa ameshika mkono wake. Tunawashukuru wauguzi.

Ameacha mjane, mtoto wa kiume ambaye ni mpima ardhi, binti, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, na wafanyakazi wa dobi, walioomba watajwe katika orodha hii na familia haikuona sababu ya kukataa.

Binti alifungua dobi Jumatano, saa ya kawaida. Alhamisi walikaa juu ya vikapu.

“Bosi,” alisema mpiga pasi, “hujalia tangu Jumanne. Tena unapiga pasi mashuka niliyokwisha kuyapiga.”

“Zahanati inayasubiri.”

“Yalishakwenda jana, mwanangu. Haya ni mengine.”

Kura zikapigwa, bosi alishindwa. Dobi limefungwa hadi Jumatatu. Funguo anazo mpiga pasi, na ameagizwa asimpe bosi hata akibembeleza.

Mungu ampumzishe baba. Bintiye tutampumzisha sisi.