Machozi Niliyodhani ni ya Kulogwa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na nyie wa viti vya nyuma, apewe sifa huko huko mlikojificha.

Mimi ni Mama Yohana wa Katumba. Nasimama kusema alichonitendea Mungu miaka ile ya sabini, tulipokuwa wageni kabisa hapa Tanzania. Tulikuwa tumekimbia Burundi kwa miguu, tukapewa msitu tuufyeke uwe shamba.

Yohana nilimzaa msimu wa tumbaku. Akiwa bado mchanga, machozi yakaanza. Hayakuwa ya kipigo wala ya ugomvi. Nafunga majani ya tumbaku, nalia. Nachambua maharage, nalia. Mume wangu Petro ananiuliza nani kaniudhi, nami nazidi kulia. Majirani wakaanza kunikwepa, maana kwetu ukilia nyumba isiyo na maiti, unaita msiba. Watoto wao wakakatazwa kupita mlangoni kwangu.

Nami, ndugu zangu, nilikuwa na mtu wangu wa kumshuku. Mama Kalunde, Mkonongo, mwenyeji wa kijiji cha jirani, alizoea kuja kwetu kubadilisha asali kwa maharage. Nilipojifungua aliniletea togwa kwenye kibuyu. Sasa kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakuna sumu. Yeye alikiweka mbele yangu, akatulia ananitazama. Hakuonja! Nikagusisha midomo kwa adabu tu, na alipoondoka nikaimwaga yote nyuma ya nyumba. Machozi yalipoanza, nikasema moyoni, ndiye.

Basi nikashuku kila mtu. Chakula kilichopikwa na mkono mwingine sikukila. Petro akanipeleka zahanati. Muuguzi akanifunua kope, akasema damu imepungua na malaria ipo, tena mikono yenye utomvu wa tumbaku ndiyo ninayojifutia machozi. Akanipa vidonge. Nikajiuliza, na huyu katumwa na nani? Vidonge nikavichomeka kwenye nyasi za paa. Mzee wa kanisa akaja kuniombea, nami nikaomba jicho moja wazi, nione mkono wake unaelekea wapi. Nyie chekeni, lakini kwa kutokula, maziwa yalikuwa yanakauka, na Yohana alikuwa amebaki macho na mbavu.

Siku moja Mama Kalunde akanikuta kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Nilikuwa nalia, na mtoto mgongoni hana hata nguvu ya kulia. Mkononi mwenzangu ana kibuyu kama kile cha kwanza. Nilimwogopa, lakini kumpoteza Yohana nilikuogopa zaidi. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakuonja.

Alishangaa. "Kwetu mgeni ndiye anaanza, na mgeni wa nchi hii ni wewe," akasema. "Nikitangulia mimi, si nimekudharau?"

Akakiinua kibuyu, akanywa mbele yangu mpaka kikafika nusu. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Umejifungua, na mama yako hajaja kukulea. Mlimzika wapi?"

Ndugu zangu! Mama yangu alianguka njiani tukikimbia, akakata roho. Tulimfunika kwa majani. Nilipotaka kupiga yowe, Petro aliniziba mdomo tusisikiwe, tukaendelea na safari. Matanga hatukukaa. Tulipofika huku kulikuwa na miti ya kukata na nyumba za kujenga, nikadhani yamekwisha.

Mama Kalunde hakunihubiria. Alivua kanga ya mabegani, akaitandika chini, akaketi na kunyoosha miguu kama watu wa msibani. Akamlilia mama yangu, mwanamke asiyemjua hata jina. Na mimi nikalipiga lile yowe.

Majirani wakaja mbio kuuliza nani kafa. Petro akawaambia ni mama mkwe wake. Wakauliza lini, akajibu, "Njiani." Kisha mmoja akaketi, akamtaja kaka yake. Mwingine akamtaja mwanawe. Nani pale hakuwa ameacha mtu njiani? Tulilia pamoja siku ile, ndugu zangu, na mzee wa kanisa alipokuja kuomba, nilifumba macho yote mawili.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Nilikunywa ile togwa, nikala cha watu, nikavitoa vidonge paani nikavimeza, na mikono nikawa nanawa kabla ya kugusa uso. Maziwa yakarudi. Yohana ndiye yule anayepiga ngoma ya kwaya, mnamwona alivyonenepa.

Sisemi kwamba sishuku tena. Bwana bado ana kazi na mimi. Lakini wewe unayelia na hujui sababu, nenda zahanati wakupime damu, halafu mtajie Mungu jina la yule ambaye hukumlilia. Na anayekuletea kinywaji, muulize kabla hujakimwaga. Mungu wangu alikuja na kibuyu cha Mkonongo, na mimi nilikaribia kumfukuza.

Ibada ikiisha msiondoke. Nimeleta togwa, iko pale mlangoni. Mimi sijaionja. Tangulieni nyie.