Jaruba la Saba na Maji ya Siku Mbili

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Tone, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akapata mafunzo ya umwagiliaji ya mwaka mmoja. Mwaka 1972 aliajiriwa kufungua na kufunga milango ya mfereji.

Tarehe 7 Agosti 1976 alimwoa mwalimu wa chekechea. Walipewa majaruba saba ya mpunga ambayo wenzao waliyakataa, kwa kuwa udongo ulijaa chumvi na magadi.

Mwaka 1983 alifanya kosa ambalo hakujisamehe. Aliyafurikisha majaruba yote kwa siku tisa, akidhani udongo huoshwa kama sufuria. Maji yalipita kwenye nyufa yakaenda zake, chumvi ikabaki ndani ya mabonge, na juu udongo ukaziba, ukawa mgumu kama sakafu. Familia ilikosa mavuno misimu minne.

Tangu hapo alitanguliza unga wa jasi, ili magadi yaachie udongo. Kisha maji kidogo, siku mbili, akayatoa. Akaupumzisha udongo wiki nzima, akarudia. Ndipo akaitwa Tone. Kila mara aliuonja udongo kwa ulimi, na mkewe akamwambia, "Ndiyo maana unasema mchuzi wangu umepooza. Chumvi umeshaila shambani." Kila jaruba lilimla karibu miaka sita. Majaruba sita yalipona, likabaki la saba.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimkataza chumvi. Mzee alicheka hadi akakohoa. Kifungua mimba wake, dereva wa lori, alimsihi, "Baba, la saba liache. Umechoka, na sisi tumechoka."

"Nimechoka kweli," alijibu. "Nikifa, utaliacha?"

Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, mzee alimtuma mwanawe huyo afungulie maji jaruba hilo. "Jumanne uyatoe," alimwambia. Jumanne hiyo, saa kumi na moja alfajiri, alifariki nyumbani, mkewe amemshika mkono. Kwa msiba ule, hakuna aliyeyakumbuka maji.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Maneno yanayofuata hayamo kwenye karatasi zenu, yameongezwa leo kwa kalamu. Kifungua mimba hayupo hapa kaburini. Yuko jaruba la saba na jembe, anayatoa maji ya siku nne. Familia inaomba asisemwe vibaya.

Mzee alichoka sana. Sasa apumzike kwa amani.