Mguu Uliotangulia Kaburini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Semeni tena, na ninyi wa karibu na mlango pia, maana naona midomo inafunguka na sauti haitoki. Mimi ni Mama Riziki wa hapa hapa Mboko, mkulima wa mihogo, mjane wa marehemu Alimasi. Mnanijua kwa kelele zangu. Leo nimesimama kuwaeleza jinsi Mungu alivyonitoa kaburini, na mkisikia kaburini msidhani nasema kwa mafumbo.

Mvua iliharibu barabara, lori la mihogo likalala ubavu, nami nilikuwa nimekaa juu ya magunia. Mguu wangu wa kulia ulibaki chini yake. Hospitalini waliukata juu ya goti, na walifanya vema, bila hivyo leo mngekuwa mnaimba bila mimi. Namshukuru Mungu kwa mikono yao.

Sasa sikilizeni. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi kama maganda ya mihogo. Kinazikwa. Mama mkwe wangu aliufunga mguu ule katika kitenge akauleta nyumbani. Lakini auzike wapi? Kumchimbia mtu aliye hai kaburi jipya ni kumwita aingie. Wazee wa ukoo walikaa kushauriana. Ndipo mama mkwe, kwa upendo kabisa, akasema: "Itakaa kwa bwana yake. Alimasi atamuchungia." Wakafungua kaburi la mume wangu upande wa miguu, wakauweka mle. Nilipoambiwa nilicheka. Nikasema, haya, mwenzangu amepata wa kulala naye.

Siku moja nilikuwa uani saa sita mchana, jua kali, namenya mihogo. Mkono ukanishika kidole gumba cha mguu ule usiokuwepo. Nilitazama chini. Palikuwa na kitenge changu na vumbi tu. Lakini mkono ule niliujua! Alimasi alipokuwa hai hakupenda kumwita mtu aliyelala kwa jina lake, alikuwa akiniamsha kwa kunibana kidole gumba. Alinibana vile vile. Halafu akavuta kidogo, kama anayesema: amka, twende.

Tangu hapo hakuacha. Vidole vilijikunja mpaka kucha zikawa zinachoma unyayo. Mvua ikinyesha kule juu makaburini na kwetu kukavu, unyayo wangu unalowa na kupoa. Majirani wakawa wanakuja kuniuliza kama waanue mihogo yao. Nilikuwa nacheka nao, lakini moyoni niliogopa sana. Ninyi wapendwa mliniombea, na nawashukuru. Mnamkumbuka yule ndugu aliyetaka kuweka mikono mahali panapouma, akabaki anashika hewa? Hata yeye alitoka jasho.

Kibaya zaidi ni hiki. Nilipojikongoja kwa magongo mpaka kaburini, maumivu yalipungua. Nikikaa pale, mkono unalegea. Nikilala juu ya udongo, kimya, hakuna kinachouma! Mwanzoni nilikaa kidogo. Baadaye nilipeleka mkeka. Chakula kikanishinda, na sauti za watu zikawa kama zinatoka ng'ambo ya ziwa, kule Ubwari. Wifi yangu alinitazama akasema: "Mwili inaitana. Yenye ilitangulia inaita yenye ilibakia." Nami niliamini. Ndugu zangu, niliamini na sikuona vibaya. Nilimwambia binti yangu Riziki kitenge gani wanizike nacho. Mtoto alikimbia kwa jirani akilia.

Jirani huyo ni Mama Esperansi, mkimbizi kutoka Burundi, tunapakana mashamba. Alinifuata mpaka juu ya mkeka wangu. Akasema: "Mama Riziki, mudogo wangu alikatwa mukono, na mukono ule ulikuwa unamukaba shingo. Iko daktari mumoja anakuya kule mujini Baraka. Hakate, hapasue. Anafundisha muntu kukaa tena mu mwili yake. Simama."

Nikamwambia nimechoka.

"Basi choka ukiwa juu ya pikipiki."

Tulipoondoka ndipo Alimasi alipokasirika. Kadiri tulivyokwenda, ndivyo alivyovuta. Nilihisi mguu ule umenyooka kutoka kaburini mpaka juu ya pikipiki, kama kamba ya mbuzi aliyefungwa. Tulipofika Nundu, katikati ya safari, nililia, nikamwomba dereva turudi. Mama Esperansi alikuwa nyuma yangu. Alinishika kiuno kwa nguvu akaanza kuimba pambio, na dereva akaitikia.

Hospitalini kule Baraka nako hawakutuelewa upesi. Wanauliza, mnatafuta daktari wa mifupa? Wa kupasua? Mama Esperansi akawajibu: "Wa bale benye balipona lakini hawayarudia bado mu mwili yao." Hapo muuguzi mmoja akacheka, akatuonyesha chumba cha mwisho, chenye vyuma viwili virefu vya kushikia mtu anapojifunza kutembea.

Daktari alikuwa mama wa makamo, kwa Kifaransa wanamwita daktari wa réadaptation, yaani wa kumzoeza mtu upya kuutumia mwili wake. Alitazama kipande changu cha mguu, akakigusa, akasema kimepona vizuri. Halafu akaniuliza: "Na ule mwengine, mama, iko namna gani leo?"

Ndugu zangu! Tangu nikatwe hakuna aliyeuliza habari za mguu ule kama kitu kilichopo. Nikamwambia vidole vimejikunja.

"Nani anabikunja?"

"Bwana yangu."

"Iko wapi?"

"Alikufa."

Hakucheka, wala hakukemea. Alinieleza kwamba kichwa cha mtu hutunza nafasi ya mguu uliokatwa, kama nyumba inavyotunza kiti cha aliyeondoka. Habari za mguu zisipofika tena, kichwa hujaza pale kile kinachokijua, na zaidi kile kinachokililia. Halafu alileta kioo kirefu, akakisimamisha katikati ya mapaja yangu, mguu mzima mbele ya kioo, kipande nyuma yake. Akasema: "Angalia mule."

Mguu wangu ulikuwa mle! Umetoka kaburini, msafi, umenyooka kando ya mwenzake.

"Fungua bidole ya miguu yote mbili. Pole pole."

Nikafungua, na mle kiooni ule uliozikwa ukafungua pia. Kidole kidogo kikaachiwa. Kikafuata cha pili, na vingine. Kidole gumba kikabaki kimeshikwa. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani ninayemwachia, nikalia kwa sauti, maana nilimpenda sana mtu yule! Nikasema mbele ya daktari: "Baba Riziki, wacha. Niko na mutoto."

Mkono ukangoja. Halafu ukaachia.

Haikuwa kazi ya siku moja. Nilirudi Baraka mara nyingi, nikashika vile vyuma, nikaanguka, nikatukana, Mungu anisamehe. Nyumbani nilifanya zoezi na kioo nilichonunua sokoni, mpaka nikapewa mguu huu mnaousikia ukigonga sakafu. Chakula nakula, na mkeka niliuondoa kule kaburini.

Na sitawadanganya eti kwa sababu niko kanisani. Siku nyingine, jua likiwa kali na uani kumetulia, namhisi amesimama pale unapoishia mguu ule. Hashiki. Anasimama tu. Namsalimu, naendelea kumenya mihogo.

Wapo wanaosema Mungu ni Mungu na daktari ni daktari. Mimi nilimlilia Mungu juu ya udongo, akanijibu kwa jirani, kwa pikipiki na kwa kioo. Sifa zote zimrudie yeye! Na humu ndani kuna mtu ambaye kitu kinamvuta, naye amekwisha kuanza kukifuata. Nakuona. Nayajua macho hayo, nilikuwa nayo. Mtumaini Bwana, nawe umwambie mtu. Jumatatu naenda kwa daktari, na kwenye pikipiki nafasi iko mbele yangu. Njiani ukilia turudi, sitasikia. Amina!