Enesi Nzunda na Pengo la Uzio

Wazee wa ukoo wa Haonga, wazee wa ukoo wa Nzunda, majirani mliowahi kivuli na ninyi mliokikosa, familia inaomba masikio yenu, kwa maana huyu tuliyekusanyika kumzika alikuwa na maneno mengi ambayo hakuna aliyempa nafasi ya kuyamaliza, na leo angalau hakuna atakayemkata kauli.

Enesi Nzunda alizaliwa mwezi Julai 1919, si mbali na Mbozi Mission, tarehe haikuandikwa, ila mama yake alisema ulikuwa msimu wa kupura ulezi, jua linawaka na upepo wa baridi unapasua midomo, akawa binti wa kwanza wa mzee Yonasi Nzunda baada ya wavulana wawili, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1920.

Aliingia shule ya kijiji mwaka 1928, akajua kusoma kabla ya kaka zake, na kwa kosa hilo, maana lilihesabiwa kuwa kosa, mwaka 1930 alitolewa darasani akakabidhiwa fimbo ya kuchungia ili kaka zake waendelee na masomo. Kwetu kuchunga ni kazi ya wavulana, kila mtu hapa anajua, lakini mila ni kama ngozi mbichi, huvutika kuelekea kwa mwenye nguvu. Huko machungani alisoma kitabu ambacho kaka zake hawakukifungua, akajifunza kwamba mbuzi havunji uzio, mbuzi husubiri pengo, na mwenye mbuzi naye ni hivyo hivyo.

Tarehe 10 Oktoba 1936 alifunga ndoa na Anania Haonga, akahamia hapa penye kijito cha Isenga, wakajaliwa watoto watatu walio hai, Boazi aliyezaliwa 1937, Roda wa 1939, ambaye ndiye anayewasomea historia hii na yuko mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, na Lusubilo wa 1947. Anayeshangaa nafasi kati ya Roda na Lusubilo na ajue kwamba baba alivuka Tunduma mwishoni mwa 1938, Roda akiwa bado tumboni, kwenda migodini Rhodesia ya Kaskazini, akarudi 1946 na baiskeli, na kikohozi.

Kuhusu kazi, mzee mmoja alishauri isomwe tu kwamba marehemu alikuwa mke wa Anania, basi, tusonge mbele. Hatusongi.

Kiangazi, mahindi yakishaingia ghalani na mashamba ya juu yamebaki mabua, wengi wetu hukumbuka ndugu, mara harusi Isongole, mara ngoma kwa wajomba. Enesi kiangazi chake kilikuwa bondeni. Kukicha anamkamua ng'ombe wake Subira, anawafungulia bata wakaoge kijitoni, anawahamishia mbuzi wake kamba penye majani mabichi, ndipo anashika kibuyu chenye matundu kitakoni na kumwagilia tuta baada ya tuta, kabichi, vitunguu, njegere, nyanya, maboga, hadi udongo uanze kunukia, na jioni anarudia tena, mgongo umepinda, anaimba tenzi kwa sauti ambayo, tuseme ukweli, ilikuwa mbaya. Alikuwa peke yake kijiji kizima anayefunga mbuzi kiangazi, na watu walipita juu ya njia wakicheka, "Mama Boazi, mbuzi wako wamefungwa jela kwa kosa gani?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Kwa kosa la mbuzi wenu."

Maana mila yetu, mnayoipenda sana, inasema mavuno yakiisha mifugo huachiwa, kila shamba ni malisho, na anayelima bondeni kiangazi na ajilinde mwenyewe. Kiangazi mbuzi hana kesi, ndivyo msemavyo. Enesi alipeleka kesi kwa jumbe mwaka 1941, akarudishwa. Mwaka 1949, mvua zilipochelewa hadi Januari, ghala zikakauka na watoto wa kijiji hiki wakavimba miguu, nyumba baada ya nyumba zilishuka bondeni na vikapu, Enesi akagawa majani ya maboga na kabichi, hakuuza hata jani, na mvua ziliponyesha hakuna aliyekumbuka kumsaidia kukata mti mmoja wa uzio. Kiangazi kilichofuata alikwenda kwa jumbe tena, akaambiwa mila haina njaa.

Jirani wa juu ni mzee Jairo, yupo hapa, amevaa koti lake la kanisani. Mbuzi wake walipomaliza njegere zote mwaka 1953, Enesi alipanda kumlalamikia, naye akasema mbele ya watu, "Mama Boazi, sasa mbuzi nimfundishe amri kumi?" Enesi akamwambia, "Mbuzi muache, mzee Jairo, jifundishe wewe, ile ya usiibe inatosha." Jumapili iliyofuata aliwakamata watatu wakiwa ndani ya vitunguu, akawaongoza hadi kanisani, akawafunga kwenye nguzo ya kengele wakati mzee Jairo mwenyewe anasoma somo la kwanza, nao wakaitikia kila aya. Watu walicheka hadi wakashikilia mabenchi. Wazee wa usharika hawakucheka, wakamtenga Enesi na meza ya Bwana kwa nusu mwaka kwa kudharau ibada, wakati mwenye mbuzi aliendelea kusoma masomo. Tulikuwa watoto, tuliona, hatujasahau.

Tangu hapo hakwenda tena kwa jumbe, alijenga. Alipanda uzio wa minyaa pande tatu, ukashika, na upande wa nne, penye kivuko ambapo mawe hayaruhusu mzizi, aliziba kwa matawi ya miiba, na kila kiangazi fahali la mzee Jairo lilikuja kusukuma hapo hapo, yeye anaziba, fahali linasukuma, watu wanasema Mama Boazi na fahali wameoana.

Jumanne, tarehe 20 Agosti mwaka huu wa 1957, fahali lilivunja tena, kabichi zilizokuwa zimefunga vichwa zikakanyagwa zote, na Alhamisi, akiwa anaziba peke yake, mwiba ulimchoma unyayo ukakatikia ndani. Aliuchokonoa kwa sindano, akafunga kitambaa, akamwagilia. Ijumaa ya wiki iliyofuata taya lilianza kukaza, ikawa ni pepopunda, vijana wakambeba kwa machela hadi hospitali, na Jumapili, tarehe 1 Septemba, kulipokucha, wakati ambao angekuwa anamkamua Subira, alifariki. Tumeambiwa hapa tangu jana kwamba ni kazi ya Mungu. Mungu hafugi fahali.

Kabla taya halijafunga kabisa alisema neno moja, na aliyelisikia hakuwa mtoto wake wala mumewe, alikuwa mama Jenista, mke wa mzee Jairo, aliyekuwa akimfuta jasho. Alisema, "Msinipandishe mlimani. Nizikeni penye pengo."

Jana wazee wa ukoo walikataa, wakasema makaburi ya ukoo yako mlimani, mke wa watu hazikwi bondeni kama mbegu ya boga, na huyo mama Jenista labda hakusikia vizuri. Mama Jenista akasimama katikati ya wanaume, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akiinua sauti, akasema, "Nimesikia vizuri. Mwaka wa njaa nilishuka kwake na vikapu viwili, na jioni mbuzi wetu wakashuka. Alinijazia vyote viwili, na mbuzi hakuwapiga." Ndipo baba Anania, ambaye miaka yote hii alisema mila ni mila, akachukua jembe, akashuka bondeni, akaanza kuchimba mwenyewe.

Ndiyo maana leo mmesimama kati ya vitunguu, na tunaomba mwangalie mnapokanyaga.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliompokea, vijana wa machela, walimu na wanachuo wenzake Roda waliotuma mchango, akina mama waliomwagilia matuta siku zote za ugonjwa bila kuombwa, na mama Jenista. Tunawashukuru pia mbuzi wa mzee Jairo, waliofika msibani asubuhi kabla ya mwenyewe.

Sasa hapa kuna kaburi. Mila yetu, ile ile mnayoipenda, inasema mnyama akikanyaga kaburi, mwenye mnyama husimamishwa mbele ya ukoo mzima, iwe masika iwe kiangazi. Mbuzi wa kiangazi hana kesi, lakini kaburi lina kesi, na wazee wote mko hapa, mmesikia.

Mama, lala kwa amani hapo mlangoni pako. Pengo limezibwa.