Shavu la Kijani: Maisha ya Mchoraji Tauno Heinikkala (1901–1958)

Marehemu Tauno Ilmari Heinikkala alizaliwa tarehe 14 Februari 1901 hapa Loimaa, ndani ya sauna ya nyumbani, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, kama sisi wote tuliomtangulia. Alikuwa kitindamimba, na mimi Lempi, dada yake ninayesoma haya, nilimlea kwa mikono yangu na kwa ukali wangu.

Alisomea uchoraji Turku kuanzia 1919 hadi 1922. Mwaka 1924 alikwenda Paris, akakaa miaka miwili miongoni mwa wachoraji waliouvunja uso wa mtu vipande vipande na kuupaka rangi wanayoihisi. Alirudi amekonda, ana furaha kupita kiasi.

Mwaka 1927 mama alitimiza miaka sitini. Tauno alimchora, akaitundika picha sebuleni kabla wageni hawajaja kunywa kahawa. Shavu moja kijani, jingine buluu, pua kama kona ya meza! Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Mbona umenichora kama mgonjwa, mwanangu?" mama aliuliza.

"Si ugonjwa, mama. Ndivyo ninavyokuona."

Mimi nilimwakia. "Unamwaibisha mama mbele ya watu! Mambo ya Paris yaache hukohuko Paris. Ipake upya, la sivyo naichoma!"

Aliipaka upya jioni ileile, mashavu ya waridi, sote tukaridhika. Magazeti ya Helsinki nayo yalikuwa yakiwakemea wenzake kwa kuiga wageni. Hakuchora tena kwa mtindo ule.

Kuanzia 1929 alifundisha kuchora katika shule ya wasichana huko Turku. Alimwoa Helvi Sundell tarehe 18 Juni 1932, wakajaliwa mabinti wawili. Kila Krismasi alikuja mwenyewe kuipangusa picha ya mama, kwa unyoya, na alitukataza kabisa kuigusa kwa kitambaa chenye maji. Tulidhani ni maringo.

Mapafu yalianza kumsumbua mwezi Aprili mwaka huu. Tarehe 4 Novemba, hospitalini, aliniambia, "Dada, ile waridi ni rangi ya maji tu. Ya kwanza iko chini, niliikinga kwa vanishi. Ukitaka, ifute."

Nilirudi nyumbani nikaifuta. Nikamwona mama wetu, amechoka, mkali, anatupenda, vyote kwa pamoja. Nililia sana. Asubuhi nilipanda treni ya kwanza kwenda kumwambia. Nilikuta amefariki saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, Helvi, mabinti Kaisu na Marjut, na dada aliyechelewa. Tauno, ulimwona mama vizuri kuliko sisi wote. Nisamehe, mdogo wangu, upumzike kwa amani.