Mama Taratibu Akabidhi Funguo za Chumba cha Pampu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi mkuu wa umeme wa kituo chetu cha kusukuma maji anastaafu. Kwenye faili za ofisi ana jina lake kamili, lakini hapa kituoni, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, sote tunamwita Mama Taratibu.

Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza. Wenzake walizoea kubonyeza kitufe na kwenda zao kunywa chai. Yeye alifunga kwanza valvu ya bomba, akaizunguka mota kuhakikisha hakuna mtu wala spana iliyosahauliwa, akawaonya walio karibu, ndipo akawasha. Maji aliyafungulia kidogo kidogo. Wakati wa kuzima, alifunga valvu polepole kabla ya kukata umeme, maji yasirudi kwa kishindo na kupasua mabomba. Walimcheka. Baada ya muda mabomba yakaacha kupasuka, na kicheko nacho kikaisha.

Lakini tunachokikumbuka zaidi ni mafuriko. Mto uliingia chumba cha pampu, mota zote mbili zikalowa. Maji yalipopungua, waliokuwa zamu wakaona wajaribu moja. Ikanguruma, ikatoa moshi, ikaungua. Mama Taratibu alipofika, mji mzima ulikuwa umebakiwa na mota moja, nayo ilikuwa inachuruzika.

Alikata umeme kwenye swichi kuu, akatia kufuli lake, akaning'iniza kibao cha "Usiwashe, watu wako kazini", na ufunguo akautia mfukoni. Kisha akaifungua mota, akaitoa tope na kuanza kuikausha kwa hita zilizotumia umeme wa jenereta ndogo. Kila alipopima kwa kipimo chake, koili, yaani nyaya zilizoviringwa ndani ya mota, bado zilikuwa na unyevu wa kuvujisha umeme. Siku zikapita.

Getini watu walijaa na ndoo, wengine wakimtupia maneno makali. Meneja alisimama nao juani akiwaeleza. Mwishowe wakamtuma wifi yake, dada wa mumewe, wakiamini kwamba Mama Taratibu hawezi kumkatalia huyo. Wifi akamweleza kuwa watoto hawajaoga na wagonjwa hospitalini wanahangaika. Basi awashe hata kidogo tu.

"Wifi, mota haiwashwi kidogo," alimjibu. "Hii ikiungua hatuna nyingine. Nivumilieni."

Wifi aliondoka amenuna. Mama Taratibu akarudi kushika kipimo.

Kipimo kilipokubali, alitutoa wote chumbani, akatuhesabu mlangoni, ndipo akafungua kufuli lake na kuwasha. Mota ikanguruma, ikashika mwendo, ikatulia. Aliisikiliza kwanza, kisha akafungulia valvu. Punde tukasikia vifijo getini: bomba la pale lilikuwa limeanza kukohoa maji. Wa kwanza kumkumbatia alikuwa wifi yake.

Mota ile inafanya kazi mpaka leo. Na tangu alipokabidhiwa chumba kile, hakuna mfanyakazi aliyejeruhiwa na mota iliyowashwa bila onyo. Wengi wetu tunarudi nyumbani na vidole vyetu vyote kwa sababu yake. Mumewe, fundi seremala, anasema kwao hata pasi haiguswi kabla mama hajakagua waya. Tunampa pole mapema, maana sasa atashinda naye kutwa.

Mama yetu, asante kwa kutulinda. Uliyotufundisha tumeyashika, na simu ya kituo haitakukatiza usingizi tena. Nenda ukapumzike salama. Siku zako za mbele ziwe njema, nawe uzifurahie taratibu.